Nani Aliyeamua Ahame?

Tarehe 2 Julai 2010, Afrika nzima ilikuwa Ghana. Pale Soccer City, Johannesburg, Luis Suárez aliuzuia kwa mikono mpira uliokuwa unaingia golini, Asamoah Gyan akapiga penalti ya dakika ya mwisho ikagonga mtambaa wa panya, na robo fainali ya Kombe la Dunia ikaenda kwenye mikwaju. Aliyesogea kupiga mkwaju wa mwisho wa Uruguay alikuwa jamaa mrefu, nywele ndefu, jezi namba 13: Sebastián Abreu. Akaja kwa kasi ya mtu anayetaka kupasua nyavu, kisha akaudokoa mpira ukaelea taratibu katikati ya goli, kipa Richard Kingson akiwa ameshalala upande. Ghana nje.

Wengi wetu tulimjua Abreu usiku ule na kumchukia usiku uleule. Ambacho wengi hatukukijua ni kwamba kufikia siku hiyo alikuwa ameshacheza soka la kulipwa Argentina, Hispania, Brazil, Mexico, Israel na Ugiriki, mbali na nyumbani kwao. Na hakuishia hapo. Desemba 2017, aliposaini Audax Italiano ya Chile, Guinness walimwingiza kwenye kitabu chao cha rekodi: klabu 26, nyingi kuliko alizowahi kuzichezea mchezaji mwingine yeyote wa kulipwa. Alitundika daluga Juni 2021 akiwa na miaka 44, klabu zikiwa zimevuka 30.

Huku kwetu mchezaji wa namna hii hana heshima. Akitajwa kijiweni utasikia "huyo katembea timu zote", na maana yake ni moja kati ya tatu: hana mapenzi na jezi, ana tamaa ya fedha, au kiwango kimekwisha na kila anayemsajili anagundua baadaye. Mimi nadhani tunahesabu kisichohesabika. Idadi ya klabu haisemi lolote juu ya mchezaji mpaka ujue, kila alipohama, ni nani aliyeamua: yeye mwenyewe, klabu iliyokuwa inamiliki mkataba wake, kocha mpya, au mhasibu aliyeshindwa kutoa mishahara. Ukizipanga safari zake kwa swali hilo, lawama nyingi zinamtoka yeye na kuwaangukia walioutengeneza mfumo wa ajira yake.

Tuanze na huyohuyo Abreu. Mwaka 1998 Deportivo La Coruña ya Hispania ilimnunua kutoka San Lorenzo ya Argentina. Hakupata nafasi ya kudumu. Miaka iliyofuata, mkataba wake ukiwa bado uko La Coruña, alipelekwa Grêmio, akapelekwa Tecos ya Mexico, akarudishwa San Lorenzo, akaenda Nacional ya Montevideo, akaenda Cruz Azul. Klabu ilikuwa imeshatoa fedha, haikutaka kumchezesha, na haikutaka kula hasara ya kumwachia. Basi ikamkodisha. Sehemu ya ile hesabu ya 26 inayotufanya tumcheke ilijengwa hivyo.

Mkopo ndio mlango mkubwa wa kuhamahama katika soka la leo. Mchezaji anafika kwenye timu isiyo na haja ya kumjenga, kwa sababu Juni ataondoka, na timu inayommiliki inamtazama kwa mbali kujua kama bei yake imepanda. Anafanya kazi kama deiwaka wa daladala: gari si lake, njia si yake, na akiizoea kidogo mwenyewe anarudi. Klabu tajiri za Ulaya zilifikia hatua ya kuwa na vijana kwa makumi walioenea kila nchi bila hata kugusa uwanja wa klabu mama. FIFA ilipoweka ukomo, kuanzia Julai 2022, ilianza na wachezaji 8 wa kutoa na 8 wa kupokea kwa kila klabu katika mikopo ya kimataifa, ikashuka hadi 7, kisha 6 mwaka 2024. Lakini walio na miaka 21 kushuka chini waliolelewa na klabu husika hawahesabiwi.

Chukua mfano wa mshambuliaji Mbwana Samatta, ambaye mwanzoni hakuwa mtu wa kuhamahama. Alikaa TP Mazembe miaka mitano, akatoka hapo na ubingwa wa Afrika wa 2015. Akakaa Genk miaka minne, akamaliza msimu wa 2018/19 na ubingwa wa Ubelgiji na mabao 23 ya ligi. Huyo ni mtu wa kutulia. Januari 2020 akaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, na Machi 1 akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Septemba mwaka huohuo Villa wakamsajili Ollie Watkins, na kabla mwezi haujaisha Samatta alikuwa Fenerbahçe. Msimu uliofuata Antwerp kwa mkopo, uliofuata Genk kwa mkopo, kisha PAOK ya Ugiriki, kisha Le Havre ya Ufaransa. Klabu mbili ndani ya miaka tisa, halafu sita ndani ya miaka sita hivi. Tabia ya mtu haibadiliki ghafla kiasi hicho akiwa na miaka 27. Kilichobadilika ni ngazi ya soko aliloingia, na katika ngazi hiyo mshambuliaji anapewa nusu msimu kujieleza.

Soko lenyewe lina tarehe ya kuzaliwa. Hadi Desemba 15, 1995, klabu barani Ulaya iliweza kumzuia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha, mpaka ilipwe. Jean-Marc Bosman, kiungo wa RFC Liège, alimaliza mkataba mwaka 1990 na kutaka kwenda Dunkerque, ng'ambo tu ya mpaka. Liège wakadai fedha, Dunkerque hawakuzitoa kama walivyotakiwa, naye akabaki ananing'inia. Mahakama ya Ulaya ikaja kuamua kwamba mkataba ukiisha, umeisha. Tangu hapo mchezaji huru ni bidhaa adimu: hauzwi, kwa hiyo sehemu ya fedha ambayo ingekwenda kwa klabu inakwenda kwake. Karibu miaka 30 baadaye, Oktoba 4, 2024, mahakama hiyohiyo ilizipiga tena kanuni za FIFA katika kesi ya Lassana Diarra, ambaye baada ya kuachana na Lokomotiv Moscow kwa ugomvi mwaka 2014 alishindwa kujiunga na Charleroi kwa sababu klabu ambayo ingemchukua ingebeba hatari ya kulipa fidia yake. Diarra naye amechezea Chelsea, Arsenal, Portsmouth, Real Madrid, Anzhi, Marseille na PSG.

Afrika Mashariki uhuru huo umekuja na sura yake. Kwetu fedha kubwa ya mchezaji mara nyingi haiko kwenye mshahara. Iko kwenye fedha ya usajili, ile anayopewa siku anaposhika kalamu. Mshahara unaweza kuchelewa, posho ya ushindi inaweza kuwa ahadi ya kiongozi aliyekwishaondoka, lakini fedha ya usajili anaishika mkononi. Kwa hiyo mwaka mzuri wa mchezaji ni mwaka anaosaini. Kanuni za FIFA zinamruhusu kuzungumza na klabu nyingine mkataba ukibakiza miezi sita au pungufu, na klabu zetu zinapenda mikataba mifupi kwa sababu nazo zinamwogopa kocha ajaye na uchaguzi wa viongozi ujao. Pande zote mbili zinafunga mkataba zikiwa zimeshautazama mlango wa kutokea. Halafu dirisha la usajili likifunguliwa, gazeti linaandika kwamba mchezaji hana uaminifu.

Angalia alivyofanyiwa Amissi Tambwe. Mrundi huyu alikuja Simba mwaka 2013 akitokea Vital'O iliyokuwa imetoka kutwaa Kombe la Kagame kule Darfur. Msimu wake wa kwanza, 2013/14, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania kwa mabao 19. Desemba 2014, dirisha dogo, Simba ikamtema. Mfungaji bora! Yanga ikamwokota siku hizohizo, na 2015/16 akawa mfungaji bora tena, safari hii kwa mabao 21 na medali ya ubingwa shingoni. Kwenye wasifu wake hilo linasomeka "Simba, Yanga", kana kwamba aliamka asubuhi akabadilisha rangi.

Meddie Kagere ana kisa kinachofanana na hicho kwa upande wa pili. Alizaliwa Uganda, akaichezea timu ya taifa ya Rwanda, akapita klabu kadhaa za Kigali, Zarzis ya Tunisia, Tirana ya Albania na Gor Mahia ya Nairobi kabla Dar es Salaam haijamjua vizuri. Juni 2018 Gor Mahia ilikutana na Simba kwenye fainali ya SportPesa Super Cup pale Afraha, Nakuru, ikashinda 2-0, na Kagere akafunga bao moja. Baada ya wiki chache alikuwa mchezaji wa Simba. Mashabiki wetu walimpokea kwa utani wa umri, kwamba huyu babu anakuja kustaafu. Babu akafunga mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu wa 2019/20, mfungaji bora mara mbili mfululizo. Ukiniuliza, yale mabao yalitengenezwa Zarzis na Tirana kwa kiasi kikubwa. Mshambuliaji aliyelazimika kujifunza upya kila baada ya mwaka, kocha mpya, lugha mpya, beki wa aina mpya, anaondoa kwenye mchezo wake kila kisicho cha lazima. Kagere alikuwa hapigi chenga nyingi. Alijua tu mpira utadondokea wapi.

Lakini nisiipambe hali hii. Safari nyingi zaidi ya tunavyokiri zinaanzia kwenye mshahara ambao haukuja, na mshambuliaji Emmanuel Okwi ndiye mfano unaokumbukwa zaidi ukanda huu. Januari 2013 Simba ilimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, fedha nyingi sana kwa ligi yetu wakati ule. Fedha hazikufika kwa wakati na Simba ikalazimika kuzidai kwa miaka. Mchezaji naye akagombana na klabu mpya, akarudi Kampala, FIFA ikamruhusu kwa muda kuichezea SC Villa ili asioze wakati kesi inaendelea. Desemba 2013 akaibuka Yanga, jambo lililowafanya mashabiki wa Simba watake kupasuka. Agosti 2014 akawa amerudi Simba, Yanga ikapiga kelele. Mwaka 2015 akaenda SønderjyskE ya Denmark. Mwaka 2017 akarudi Simba kwa mara nyingine, akafunga mabao 20 na kuipa ubingwa uliokuwa umeikimbia tangu 2012. Shabiki alimwita msaliti, kisha mfalme, kisha msaliti, kisha mfalme. Faili lake linaonyesha zaidi mtu anayefuata mahali ambapo mkataba utaheshimiwa.

Hayo si ya Okwi peke yake. Mwaka 2016 shirikisho la vyama vya wachezaji duniani, FIFPRO, lilitoa ripoti iliyowahoji karibu wachezaji 14,000 katika nchi 54. Asilimia 41 walisema walicheleweshewa malipo katika misimu miwili iliyotangulia. Zaidi ya asilimia 45 walikuwa wanapata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Wastani wa urefu wa mkataba haukufika miaka miwili. Tunapozungumza juu ya "mchezaji wa kulipwa" kichwani tuna Cristiano Ronaldo, wakati huyo ndiye mchezaji adimu. Wa kawaida ni yule mwenye mkataba wa miezi ishirini na kitu, anayedai miezi miwili, na ambaye Juni hajui Agosti atalala mji gani.

Tangu Juni 2018 kanuni za FIFA zina kifungu kinachomhusu huyo. Klabu ikishindwa kumlipa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuiandikia barua ya kuitaka ilipe ndani ya siku 15, na isipolipa anaruhusiwa kuvunja mkataba kwa sababu halali na kudai fidia. Akishinda na klabu ikaendelea kukaidi, inafungiwa kusajili hadi madirisha matatu. Ni silaha kali, na mashabiki wa Gor Mahia wanayajua makali yake: baada ya SportPesa kujiondoa kwenye udhamini mwaka 2019, madeni kwa wachezaji na makocha wa zamani yakaifikisha klabu hiyo kongwe kwenye kufungiwa usajili na FIFA.

Ila silaha hiyo imeelekezwa zaidi mikononi mwa mgeni. FIFA husikiliza migogoro yenye sura ya kimataifa. Mrundi au Mkongo anayeidai klabu ya Tanzania anaweza kupeleka shauri lake Zurich. Mtanzania anayeidai klabu hiyohiyo anabaki kwenye kamati za nyumbani, ambako mdai, mdaiwa na mwamuzi wanaweza kukutana kwenye harusi moja. Kwa hiyo klabu yenye fedha kidogo na madeni mengi, ikibidi kuchagua nani alipwe kwanza, inamlipa mgeni. Tanzania iliongeza idadi ya wageni kutoka 7 hadi 10 mwaka 2018, kisha 12 mwaka 2021, na mjadala wote ulihusu kiwango cha ligi na nafasi za wazawa uwanjani. Hili la nani ana mlango wa kugonga asipolipwa halikuzungumzwa, na kwangu lilikuwa na uzito kuliko yote.

Kuna mahali pabaya zaidi ya kutolipwa. Zahir Belounis, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, alikwenda kucheza Qatar, akagombana na klabu yake juu ya mishahara, na kwa kuwa sheria za wakati huo zilimtaka mwajiri aidhinishe mfanyakazi kutoka nchini, akakwama Doha na familia yake zaidi ya mwaka mzima hadi Novemba 2013. Vijana wetu wanaopigiwa simu na watu wanaojiita mawakala, wakiambiwa kuna timu Ghuba inawataka wiki hii, wamjue Belounis. Wajue pia kwamba kati ya 2015 na 2023 FIFA iliacha kabisa kutoa leseni za mawakala, na mtihani wao ulirudi Aprili 2023. Miaka minane hiyo ilizalisha mawakala wengi wenye suti nzuri na simu tatu.

Wapo pia waliohama kwa kupenda, na hao ni watamu kuwasimulia. Lutz Pfannenstiel, kipa wa Kijerumani, alikataa mkataba wa timu ya akiba ya Bayern Munich na mwaka 1993 akaenda Penang, Malaysia. Akaendelea hivyo hadi akawa mchezaji wa kwanza kucheza soka la kulipwa kwenye mashirikisho yote sita ya FIFA, klabu 25, Afrika ikiwemo kupitia Afrika Kusini na Namibia. Singapore alifungwa jela siku 101 kwa kesi ya kupanga matokeo ambayo ameikana hadi leo. Katika mechi zilizomfikisha mahakamani alikuwa amecheza vizuri. Desemba 2002, akiichezea Bradford Park Avenue, aligongwa kifuani akaacha kupumua uwanjani. Alipona, akarudi golini, na baadaye akawa mkurugenzi wa michezo Fortuna Düsseldorf na kisha St. Louis City ya Marekani.

Mwingereza John Burridge, kipa mwingine, klabu 29, alidaka Ligi Kuu ya England akiwa na miaka 43 mwaka 1995 na hajapatikana mzee zaidi yake. Baadaye alihamia Oman kufundisha makipa, na huko ndiko alikomwona Ali Al-Habsi na kumfungulia njia ya Norway, kisha Bolton na Wigan. Hakuna chuo kinachofundisha jicho la namna hiyo. Burridge alilipata kwa kukaa vyumba vya kubadilishia nguo vya timu 29.

Si bahati kwamba wote wawili ni makipa, na kwamba Abreu, Okwi, Tambwe na Kagere ni washambuliaji. Golini anasimama mmoja tu, kwa hiyo kipa wa pili mwenye njaa ya kucheza hana budi kuondoka. Mshambuliaji naye ndiye mchezaji pekee ambaye kazi yake inahesabika na mtu yeyote mwenye redio. Mechi sita bila bao na kila shabiki ana ushahidi. Beki wa kati anaweza kucheza vibaya msimu mzima akajificha nyuma ya kipa hodari.

Mwisho wa kazi ndipo tofauti inapouma. Pfannenstiel na Burridge walitoka na majina ya watu, lugha na mikono ya kushika katika nchi nyingi, wakaviuza. Mchezaji wetu aliyepita Mbeya, Bukoba, Mtwara na Shinyanga katika miaka kumi ametoka na maarifa yaleyale kwa kiwango chake: anajua viwanja vyote, anajua ni kiongozi gani hulipa na ni yupi hujificha, anajua ni kijana gani wa daraja la kwanza ana mguu. Klabu hazimuulizi. Utamkuta kwenye ndondo ya mtaani Jumapili, analipwa nauli na soda, huku klabu aliyoichezea ikimlipa wakala kutoka nje amtafutie mshambuliaji.

Yote hayo huanzia kwenye karatasi. Mikataba ya wachezaji wa Tanzania husajiliwa kwenye shirikisho la soka, TFF, na ya Kenya kwenye shirikisho la huko, na bado wapo wanaosaini bila kubaki na nakala. Ndugu mchezaji unayesoma haya, dirisha lijalo likifunguliwa usiondoke kwenye ofisi ya klabu bila nakala yako iliyosainiwa na pande zote na kupigwa muhuri, yenye tarehe ya kila malipo. Weka ushahidi wa kila shilingi iliyoingia na ya kila iliyochelewa. Kama uko Kenya, chama cha wachezaji, KEFWA, ni mwanachama wa FIFPRO na kazi yake ni kukusikiliza. Tanzania kipo chama cha SPUTANZA. Na kama klabu iko nje ya nchi yako, kumbuka FIFA haipokei madai yaliyozidi miaka miwili tangu tukio.